Mashine ya gemu nyumbani, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wenye mashine sebuleni na kwa wale wanaotaka kununua. Majibu mengi yanahusu PS4 na PS5 (PlayStation ya nne na ya tano, za Sony) kwa sababu ndizo zilizojaa mitaani, kuanzia Sakina ya Arusha mpaka Pasua ya Moshi. Xbox na Switch zimetajwa pale zinapotofautiana.

Ninunue mashine ipi?

Kama unachotaka ni mpira na wenzako jioni, PS4 Slim inatosha, na diski zake za mkononi (zilizokwisha kutumiwa) ndizo rahisi kupata mjini. Soma namba kwenye kibandiko cha mashine: CUH-10, 11 na 12 ni zile nene zilizoanza kutoka 2013, CUH-20, 21 na 22 ni Slim, na CUH-70, 71 na 72 ni Pro, zote mbili zikiwa zimeanza 2016. Ile nene ichukue tu kama bei yake iko chini kweli, maana ina umri mkubwa, inakula umeme zaidi na feni yake hupiga kelele. Pro haina maana kama TV yako si ya 4K (ile yenye picha kali zaidi). Ukiitaka hata hivyo, tafuta CUH-72, ndiyo iliyotulia kuliko wenzake.

PS5, iliyotoka 2020, inasoma diski za PS4. PS4 haisomi za PS5. Xbox Series S ni ndogo na nzuri ila haina mahali pa diski, kwa hiyo hapo hakuna kuazima kwa jirani wala kuuza gemu uliyoichoka. Kila kitu kinapita kwenye bando. Hali ni hiyohiyo kwa PS5 ya dijitali, isipokuwa ile nyembamba ya mwishoni mwa 2023, ambayo unaweza kuinunulia kisomea diski baadaye (kukiunganisha mara ya kwanza lazima uwe na intaneti). Switch inakula umeme kidogo kuliko zote, lakini gemu zake ni ghali na za mkononi ni adimu huku kwetu.

Nanunua ya mkononi. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Jipe saa nzima, mchana, mahali penye umeme na TV. Muuzaji anayetaka mkutane stendi akukabidhi ikiwa kwenye mfuko, mwache aende zake. Beba waya wako wa HDMI (unaopeleka picha kwenye TV), diski moja unayojua ni nzima, simu yenye bando na waya wa USB wa kuchajia padi, yaani kidhibiti cha kuchezea.

Ikute mashine ikiwa ya baridi. Iliyowashwa nusu saa kabla hujafika inaweza kuwa inafichwa: kuna zinazogoma kuwaka zikiwa baridi, na kuna ambazo zimeshapuliziwa hewa ya moto kwenye bodi na zinaishi wiki mbili tu. Zitazame skrubu za nyuma. Vibandiko vikiwa vimetoka, uliza nani aliifungua na kwa nini. Kufunguliwa si kosa, kwa sababu mashine ya miaka saba isiyowahi kufunguliwa imejaa vumbi. Kosa ni jibu la kubabaisha.

Washa. Taa ya PS4 huanza bluu, kisha nyeupe. Sukuma diski: inapaswa kuvutwa yenyewe na kusomwa bila kukwaruza. Itoe, irudishe, mara tatu. Zile nene za mwanzo zina vitufe vya kugusa, na mguu wa mpira ulio chini yake ukituna mashine hutema diski au hulia bipu yenyewe katikati ya mchezo. Hilo ni tatizo dogo, lipunguzie bei.

Kisha unganisha na simu yako na uingie mtandaoni kwa akaunti yako. Wengi hawaifanyi hatua hii, kisha wanakuja kulia. Ukiona kosa WS-37397-9, mashine yenyewe imefungiwa na Sony, na kubadilisha akaunti hakutasaidia. WS-37368-7 ni akaunti iliyofungiwa, siyo mashine. Mtandao hauwezi kuipokea mashine yenye mfumo wa zamani, kwa hiyo inaweza kudai isasishwe kwanza. Muuzaji akikataa katakata isisasishwe, mara nyingi ni kwa sababu imechipiwa (imefunguliwa icheze gemu za kunakili).

Cheza dakika 30 bila kusimama, gemu nzito. Sikiliza feni, na weka kiganja pale hewa inapotokea: joto ni sawa, ila hewa inayochoma huku ikitoka kidogo ina maana ndani kumeziba. Jaribu kila tundu la USB na kila kitufe cha padi. Mwisho, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na afute mashine yote mbele yako. Mtandao uangaliwe kwanza, kufuta baadaye.

Nitajuaje kama imetoka kwenye banda la gemu?

Tundu za USB za mbele zimelegea mpaka waya unacheza, rangi imefifia pale mkono unaposhika, na chini kuna gundi ya utepe. Ushahidi wenyewe uko kwenye diski ngumu, ile hifadhi ya ndani ya mashine. Kwenye Slim inatoka kwa kufungua kifuniko cha nyuma na skrubu moja yenye alama za PlayStation; fundi akiichomeka kwenye kompyuta, programu kama CrystalDiskInfo inaonyesha saa ilizofanya kazi. Banda linalowasha saa 12 kwa siku linafikisha zaidi ya saa 13,000 ndani ya miaka mitatu. Mashine ya nyumbani ya mtoto wa shule haifiki hata nusu ya hapo.

Muuzaji anasema ina gemu 40 ndani. Ni faida?

Hapana. Gemu hizo ni za akaunti yake. Siku akiifanya mashine nyingine kuwa ya msingi kwenye akaunti hiyo, zote zinawekewa kufuli na wewe unabaki na picha zake kwenye skrini. Lipia mashine, padi, nyaya na diski unazozishika mkononi. Gemu za akaunti ya mtu zihesabu sifuri.

Na ile iliyochipiwa?

Ni mashine iliyobaki kwenye mfumo wa zamani wenye upenyo, kwa mfano 9.00 au 11.00 kwa PS4, ikawekewa gemu za kunakili. Kwa kawaida upenyo huo unapaswa kuendeshwa upya kila mashine inapozimwa na kuwashwa. Ukiisasisha, upenyo umezibwa. Ukiingia mtandaoni, unajitafutia kufungiwa. Gemu za kunakili hazina leseni, na gemu mpya zinazodai mfumo mpya hazitawaka. Kwa mtu anayetaka kucheza na ndugu yake aliye Mwanza kupitia mtandao, haina kazi.

Mashine imetoka Marekani. Itaungua nikiichomeka?

Inategemea ni ipi. PS4, PS5 na Xbox Series zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo unabadilisha waya tu. Nyingi, ikiwemo Slim na PS5, zinatumia ule waya wa redio wenye mdomo wa namba nane. Pro za CUH-70 na 71 zinatumia waya kama wa kompyuta ya mezani. Hatari iko kwa za zamani: Xbox 360 ya Marekani ina adapta ya volti 110 na kitu, na PS2 nene ya huko ni vilevile. Ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO, inakufa ndani ya sekunde moja na harufu juu. Soma maandishi ya adapta. Pasipoandikwa 240, tumia transfoma au usinunue.

Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani. Za bei rahisi huja na ya ampea 13. Kwa waya huu mwembamba weka ya ampea 3. Hata PS5 haivuti ampea 2.

Umeme unakatika kila mara. Ninunue stabilaiza?

Kwa mashine hizi umeme mdogo wa jioni si tatizo kubwa, kwa sababu zinavumilia mpaka volti 100. Tatizo ni umeme unaporudi. Mtaa mzima unawaka kwa pamoja, volti inaruka juu na kushuka mara kadhaa, na hapo ndipo kisambaza umeme cha ndani kinapopasuka. Unachohitaji ni kile kifaa cha kuchelewesha ambacho watu hukiita tivi gadi au friji gadi: kinakata volti ikizidi, na umeme ukirudi kinasubiri kabla ya kuruhusu. Cha friji husubiri dakika kadhaa, unaweza kukiona kinachosha, lakini kinafaa.

UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima vizuri kwa PS4 na TV ndogo. Usipange kumalizia fainali nayo. Faida yake ni diski ngumu: kila mashine inapozimika ghafla ikiwa inaandika, unajitafutia faili bovu, na ndiyo maana ikiwaka hulalamika na kuanza kukagua hifadhi. Usiiache mashine kwenye hali ya kulala yenye taa ya chungwa, izime kabisa.

Msimu wa masika kuna adui mwingine. Radi haiji kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia kwenye antena au dishi, inapita king'amuzi, inafika kwenye TV, kisha inatembea na HDMI mpaka kwenye bodi. Mtu anachomoa plagi ya PS, anaacha HDMI, asubuhi mashine inawaka bila picha. Ngurumo zikianza chomoa vyote, HDMI ikiwemo.

Italamba uniti ngapi za LUKU?

PS5 ikiwa mchezoni huvuta karibu wati 200. Pamoja na TV ya wati 50 ni 250. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.75, kwa mwezi 22 na nusu. PS4 Slim na TV hiyohiyo ni kama wati 150, sawa na uniti 13 na nusu kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, maana PS5 inaweza kukuvusha mpaka huo na bei ya uniti za juu ni nyingine kabisa.

Nikifungua akaunti ya PlayStation sioni Tanzania. Nifanyeje?

Haimo kwenye orodha. Watu huchagua nchi nyingine, wengi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Masharti ya Sony yanataka nchi unayoishi, kwa hiyo jua unachokifanya. La kukumbuka ni kwamba nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi tena baada ya kufunguliwa. Vocha za kununulia gemu lazima ziwe za nchi hiyohiyo: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza hata uombe vipi. Kadi za benki za hapa mara nyingi hukataliwa kwa sababu nchi hazilingani, ndiyo maana wengi huishia kwenye vocha. Basi kabla hujachagua, uliza vocha za nchi ipi unazipata kwa urahisi.

Diski za gemu hazibagui nchi. Ila nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na eneo la diski. Ukinunua diski ya Ulaya ukawa na akaunti ya Marekani, gemu itacheza, nyongeza haitaonekana. Tumia anwani ya barua pepe yako mwenyewe, siyo ya fundi aliyekufungulia.

Bando litatosha?

Kucheza mtandaoni hakuli bando sana. Mechi za saa nzima mara nyingi hazifiki MB 200. Kupakua ndiko kunakomaliza. Gemu ya GB 50 kwenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde inachukua kama saa tano na nusu, na nyingine zinazidi GB 100. Nenda kwenye mipangilio uzime kusasisha kwa kujiendesha, la sivyo usiku mmoja utaamka bando la mwezi limeliwa na gemu ambayo huichezi.

Mfumo wenyewe unaweza kuusasisha kwa flashi. Pakua faili kwenye tovuti ya PlayStation pale penye intaneti nzuri. Fomati flashi kwa FAT32 au exFAT, tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, na humo weka faili PS4UPDATE.PUP. Herufi zote kubwa. Jina likiwa na (1) mwishoni kwa sababu ulipakua mara mbili, mashine itasema haioni kitu. Kwa PS5 badilisha 4 iwe 5 kila mahali.

eFootball na Fortnite ni za bure, na mtandaoni hazidai PS Plus (usajili wa kulipia wa Sony). EA FC, iliyorithi FIFA mwaka 2023, inadai.

Inapata joto mpaka inazima. Kwa nini?

Kwanza angalia ilipo. Iache nafasi ya sentimita 10 kila upande, isikae ndani ya kabati la kioo, na kile kitambaa cha kufuma mama alichokitandika juu ya TV, king'amuzi na mashine kiishie kwenye TV. Moshi mwezi Februari chumba chenyewe ni tanuri. Iweke chini ya dirisha, siyo juu ya friji.

Pili ni vumbi. La Arusha ni laini, jeusi, na wakati wa kiangazi linaingia hata nyumba iliyofungwa. Pangusa na kunyonya matundu kila mwezi, na ndani ipulizwe kila miezi sita. Kuna mambo mawili huharibu. Upepo wa kujazia matairi una maji, usiutumie. Na unapopuliza, zuia feni kwa kidole au kijiti. Ikizungushwa kwa kasi na upepo inaumia.

PS4 ya zaidi ya miaka mitatu inahitaji pesti mpya kati ya chipu na kipoza joto. Fundi awe na bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, T8 au T9. Akianza kulazimisha na ya bapa, chukua mashine yako. Pesti ni tone la ukubwa wa punje ya mchele. PS5 ni habari nyingine: kati ya chipu na kipoza joto kuna metali ya maji, na ikimwagika juu ya bodi inapiga shoti. Wewe toa vifuniko vya pembeni, havihitaji bisibisi, nyonya vumbi, funga. Usiruhusu mtu aende zaidi ya hapo kwa sababu ya joto tu.

Tatu ni mende. Wanapenda ujoto wa kisambaza umeme, wanataga humo, na mmoja akilala kati ya nyaya mbili kuna cheche na giza. Mashine iliyokaa karibu na jiko ifunguliwe kabla ya kununuliwa. Dawa ya kupuliza isiingie ndani. Weka jeli au unga nje, nyuma ya kabati.

Taa ya bluu ya PS4 inapepesa, picha hakuna. Bodi imekufa?

Usikubali haraka hivyo. Chomoa umeme dakika tano, badili waya wa HDMI na TV. Bado? Toa diski ngumu na uwashe bila hiyo. Ikifika taa nyeupe na kuleta CE-34335-8, maana yake haioni diski ngumu, basi mgonjwa ni ile diski, na kubadilisha ni rahisi. Ikibaki bluu, fundi apime kisambaza umeme kwa kukiazima kutoka kwenye mashine nzima ya namba ileile. Bodi iwe mshukiwa wa mwisho.

Taa ikiwa nyeupe lakini hakuna picha, zima, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde saba mpaka bipu ya pili. Unganisha padi kwa waya, bonyeza kitufe cha PS. Kwenye menyu ya hali salama itakayotokea, chaguo la 2 linarekebisha picha. La 5 linapanga upya kumbukumbu na halifuti gemu. Linasaidia mashine inayoganda. La 6 na 7 yanafuta kila kitu. Hata hapo pasipotokea picha, tazama tundu la HDMI kwa tochi: pini zilizolala au kusukumwa nyuma zinaonekana kwa macho.

Padi: mchezaji anatembea mwenyewe.

Stiki imechakaa au ina vumbi. Jaribu kwanza kubonyeza kitundu cha nyuma kwa sindano sekunde tano, kisha uunganishe upya kwa waya. Isiposaidia, safisha kwa spiriti isiyo na maji. Ikirudi baada ya wiki, ibadilishwe stiki yenyewe. Fundi simu anayejua kuchomelea anaweza. Padi nyingi mpya za bei ya chini ni bandia: nyepesi, kitufe chake cha R2 ni kigumu, na nyingine hazitoi sauti kwenye tundu la hedifoni. Kabla ya kusema padi haiungani na mashine, badili waya. Nyaya nyingi za simu huchaji bila kupitisha data.

Diski imekwaruzwa. Dawa ya meno?

Usithubutu. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, siyo kama ya CD ya zamani. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni.

TV yangu ni ya chogo. Itakubali?

PS3 ina tundu la AV, itakubali. PS4 na PS5 ni HDMI tu; kuna kibadilishi kidogo kinachotumia umeme wa USB, ila maandishi hayatasomeka. Kwenye TV bapa washa mtindo wa gemu kwenye mipangilio ya picha, padi itajibu haraka zaidi.

Nafasi imejaa.

PS4 inapokea diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250 hadi TB 8. Kwenye PS5 diski ya nje inacheza gemu za PS4 tu. Za PS5 unaweza kuzihifadhi humo, siyo kuzicheza. Ukitaka kuzicheza ongeza kadi ya M.2 ya NVMe kizazi cha nne, yenye kipoza joto, unene usiozidi milimita 11.25.

Naagiza Kariakoo, inakuja kwa basi. Nifanye nini?

Diski isibaki ndani. Mashine izungushiwe sponji pande sita, ndani ya boksi gumu, na uombe isiwekwe chini ya magunia. Dai picha ya namba ya mashine kabla haijaondoka na risiti ya EFD, na ukipokea, mtu mwingine akurekodi unavyofungua mzigo hapohapo ofisi ya mizigo. Ukinunua Nairobi na kupita Namanga au Holili, plagi na volti ni za kwetu, lakini tunza risiti ya kule: forodha watahesabu ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18, na bila risiti thamani watakadiria wao.